Maswali na Majibu: Hakuna Elektroni Hasi

Mvua ya Tukuyu huharibu kipimo cha GPS cha elektroni za ionosfia, tabaka la juu la hewa lenye chaji ya umeme? (Msomaji, Tukuyu)

Hapana, na swali hili limeshakuwa wimbo. Mvua na ukungu huchelewesha L1 na L2, masafa mawili ya redio ya GPS, kwa kiasi kilekile. Ukitoa moja kwa nyingine, vinafutika. Huko angani, ionosfia pekee ndiyo huyatenganisha masafa hayo.

Kipokezi changu cha masafa mawili kinatoa TECU (kizio cha jumla ya elektroni njiani) hasi 11 usiku. Kibovu? (Uyole)

Kizima. Kibovu ni hesabu. Umechukua umbali wa setilaiti uliopimwa kwa L2, ukatoa wa L1, ukazidisha mita hizo kwa 9.52, ukaishia hapo. Saketi za setilaiti na za kipokezi nazo huchelewesha masafa hayo kwa viwango tofauti, na kila nanosekunde 1 ya tofauti hiyo ni TECU 2.85. Nanosekunde 4 tu zimekufikisha hapo. Masahihisho ya setilaiti yamo kwenye faili za IONEX (ramani za elektroni) za IGS, shirika la kimataifa la huduma za GPS na mifumo kama hiyo, bure. Ya kipokezi utayatafuta mwenyewe: tumia data za kabla ya alfajiri, elektroni zikiwa chache, uchague thamani inayozifanya setilaiti zote zikubaliane. Ukibadili kipokezi, anza upya. Kikiwa kwenye chumba chenye joto la kupanda na kushuka, thamani nayo itayumba. Setilaiti zilizo chini ya nyuzi 20 juu ya upeo wa macho zitupe. Ripoti isiyotaja masahihisho haya msiipokee, hata grafu zake ziwe na rangi nzuri kiasi gani.

Kilele changu cha elektroni ni 11:00, wenzangu wanasema saa 8 mchana.

Faili lina saa ya GPS. 11:00 ongeza 3 ni 14:00, yaani saa 8 mchana. Someni kichwa cha faili kwanza!

Kuna mawimbi kwenye grafu yanayojirudia kila siku. Ni ionosfia? (Njombe)

Sogeza grafu ya leo mbele dakika 4, uilaze juu ya ya jana. Zikilingana, huo ni mwangwi wa paa la bati au ukuta, kwa sababu setilaiti za GPS hurudi palepale dakika 4 mapema kila siku. Hamisha antena.

Kwa nini tusitumie rada?

Rada ya Jicamarca, Peru, ina dipoli (antena ndogo) 18,432. Mna uwanja wa kuzitandaza? Rada ya aina hiyo huonyesha msongamano kimo kwa kimo, GPS hutoa jumla tu. Ionosondi, rada ndogo inayotuma mawimbi juu kutoka ardhini, ni nafuu, ila haioni juu ya kilele cha F2, tabaka la ionosfia lenye elektroni nyingi zaidi, ambako ndiko sehemu kubwa ya elektroni iliko.

RTK (upimaji wa GPS wa papo hapo kwa sentimita) inapoteza fiksi, yaani usahihi huo, saa 2 usiku mwezi Machi. (Mpima ardhi, Mafinga)

Baada ya jua kutua, mapovu yenye elektroni chache hupanda na kuitetemesha ishara, hasa Machi–Aprili na Septemba–Oktoba. Kipokezi cha bei kubwa zaidi hakitakuokoa. Pima asubuhi.