Kabla hujasema "huyu ana roho mbaya", muulize kala saa ngapi

Nianze na kitenge cha watu. Ilikuwa saa tisa na nusu mchana hivi, nakata gauni la mteja la kuvaa harusini Jumamosi, sijala kitu tangu chai ya asubuhi maana kazi zilibanana, na binti anayenisaidia dukani akaniuliza swali la kawaida kabisa, "Dada, mikono hii tunaweka marinda au tunaacha?" Jamani. Nilimgeukia nikamwambia maneno ambayo nikiyakumbuka mpaka leo naona aibu, nikamwambia achukue pochi yake aondoke asirudi, afu nikarudi kwenye mkasi nikakata. Nikakata pasipokatwa. Mkono unatetemeka, jasho linatiririka mgongoni na feni inazunguka juu ya kichwa changu. Yule binti hakuondoka, alivuka barabara akaniletea soda, si kwamba alijua chochote, aliona tu nimechoka. Nikanywa huku nimenuna. Haikupita robo saa hasira yote haipo, imebaki aibu na kitenge kilichoharibika, ambacho nilikilipa.

Nna kisukari tangu 2017, ile aina ya pili, nilianza na vidonge vya metformin na baadaye nikawekwa kwenye insulini ya mchanganyiko (ya haraka na ya polepole pamoja), asubuhi na jioni. Na tangu insulini ianze nikapata jina mtaani. Baba Zai alikuwa anawaambia watu "mama Zai siku hizi hashikiki". Wifi yangu akasema ni majini, nisomewe. Mimi mwenyewe nikaingia kwenye simu usiku usiku, nikakutana na video za matatizo ya haiba, yale wanayosema mtu anakuwa na hasira za ghafla, anagombana na kila anayempenda, leo anakusifia kesho anakuona adui, nikawa nahesabu dalili kwa vidole na kila moja ni yangu. Nikaenda kliniki na jibu langu mkononi: dokta, nna tatizo la haiba, nipe rufaa.

Hakucheka, namshukuru kwa hilo. Akaniuliza, "Ulipokuwa na miaka ishirini ulikuwaje?" Nikamwambia nilikuwa mpole tu, nna marafiki wa tangu sekondari tunaopigiana mpaka leo. Akauliza tena, "Hizo hasira zina saa zake?" Hapo nikakwama, sikuwahi kuwaza kama hasira inaweza kuwa na saa. Akaniambia niandike kwenye daftari kwa wiki mbili, kila nikigombana nipime sukari kwa kidole niandike namba na saa na nimegombana na nani.

Daftari langu wiki ya kwanza, naliweka hapa kama lilivyo. Jumanne saa kumi jioni, 3.1, konda wa daladala. Alhamisi saa tisa, 3.4, binti wa dukani (tena). Jumamosi saa tano asubuhi, 3.6, mama mkwe, kwenye simu, Mungu anisamehe. Jumapili hakuna ugomvi, tulikula mchana kwa wakati.

Sukari ikishuka chini ya 4 (mashine yangu inasoma mmol/L) ubongo unakosa chakula chake, mwili nao unamwaga adrenalini kuamsha ini litoe akiba, na hiyo adrenalini ndo inayoleta mtetemo, jasho, moyo kwenda mbio na ule moto wa kutaka kumla mtu. Insulini ya asubuhi ile ya mchanganyiko inaendelea kufanya kazi mchana kutwa, kwa hiyo ukiruka chakula cha mchana umejitegea mtego mwenyewe. Mimi nilikuwa naruka karibu kila siku nikidhani napunguza sukari. Siku hizi nna kijaluba kwenye droo ya cherehani, ndani kuna sukari ya kawaida, vijiko vitatu vinne vya chai kwenye maji, nangoja dakika 15 napima tena, ikiwa bado iko chini narudia, ikipanda nakula kitu cha kushiba. Msikimbilie chapati kwanza, inachelewa. Na kama mtu amezimia usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Ila nisiwadanganye kwamba kila kitu kiliisha na vijiko vya sukari. Kuna siku niliamka nikapima nikakuta 14 na usiku nilikula mchicha na kipande kidogo cha ugali. Usiku huo tulikuwa tumebishana ada ya mtoto mpaka saa saba. Msongo wa mawazo unapandisha sukari bila wewe kugusa chakula, zile homoni za mwili unapojiona kwenye hatari zinaliambia ini litoe sukari, mwili haujui kama unakimbizwa na simba au na mhasibu wa shule. Afu ukiona 14 unaogopa, ukiogopa inapanda, kliniki wanakuuliza "umekula nini?" kwa sauti ile, unarudi nyumbani umejaa. Kuna msongo wa kisukari chenyewe kabisa, watafiti kule Boston walishautengenezea dodoso la maswali 20 tangu 1995, wanauliza mambo kama kuchoshwa na kujihudumia kila siku, kujilaumu ukikosea, kuona watu wa nyumbani hawakuelewi. Mimi nilivyojua kuna watu wamekaa wakaandika hayo maswali nililia, kwakweli. Nilidhani ni uvivu wangu.

Na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ni kitu kingine tena. Mwenye kisukari yuko kwenye uwezekano mara mbili hadi tatu wa kupata sonona kuliko asiye nacho. Kama wiki mbili mfululizo huna raha na chochote, usingizi umevurugika, insulini unaiona kwenye friji na unapita, hapo usipime kidole tu, mwambie dokta neno kwa neno. Ukianza kuwaza kujidhuru usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo, na usiende peke yako.

Sasa tatizo la haiba lenyewe, maana lipo na sio tusi. Hapa nitamtaja mama mmoja wa benchi letu la kliniki, aliniruhusu. Yeye hasira na hofu ya kuachwa vilianza akiwa binti wa shule, kabla hata ya presha, kabla ya kisukari. Kazi zimevunjika, ndoa zimevunjika, ndugu wamechoka. Madaktari wa akili ndo waliokaa naye mara kadhaa wakasema ni haiba, hawakusema siku ya kwanza. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake unaotumika tangu 2022 linataka hali iwe imedumu miaka 2 au zaidi, na inaonekana kazini, nyumbani, kwa marafiki, sio kwa mume tu, na wanapima ukali wake, mdogo, wa kati au mkubwa. Kwa hiyo mtu aliyeugua mwaka jana akabadilika mwaka huu, tafuteni kwanza sababu nyingine: sukari, maumivu, kukosa usingizi, tezi ya shingoni, hata dawa. Jirani yangu mwenye pumu akipewa prednisolone, zile dawa za steroidi, anakesha na kufoka, dozi ikiisha anarudi mtu. (Na hizo msiziache ghafla kwa kuwa zinakufokesha, rudini kwa aliyeziandika.)

Huyu mama msongo wa ugonjwa ulimwagia petroli kitu kilichokuwepo. Akikaripiwa na nesi, anakaa miezi mitatu bila dawa, kwake karipio ni kuachwa. Kilichomsaidia hakikuwa mahubiri. Ni tiba ya mazungumzo kila wiki, na pale kliniki ya sukari walikubali aonwe na nesi mmoja huyo huyo, siku ile ile, na wakikubaliana kitu wanaandika kwenye kadi. Akifoka, nesi anamwambia "tutaongea ukikaa", hamfukuzi na hamwogopi. Bado anafoka, lakini insulini hajaacha. Kama una mgonjwa wa hivi nyumbani nakuomba kitu kimoja, mwambie kabla kitu hakijabadilika. Ukisema utampeleka Jumatatu, iwe Jumatatu. Kwa mgonjwa mwingine kuahirisha ni usumbufu, kwake ni ushahidi.

Vijiti vya kupimia ni ghali, najua, wengi hatuwezi kupima mara nne kwa siku. Mimi navitunza vya saa za ugomvi, hivyo ndo vimenifundisha zaidi. Na wale mnaoishi na sisi, lugha ni kazi. Baba Zai alianza vizuri, anasema "mama Zai, tule kwanza halafu tugombane", ikawa kama utani wa nyumba. Baadaye akazoea vibaya, nikifungua mdomo tu kulalamika ananiuliza "umepima?", hata pale alipopeleka pesa ya gesi kwa rafiki zake bila kuniambia. Nikanyamaza, nikatoa mashine, nikajichoma kidole mbele yake, tukangoja wote wawili. Ikaandika 6.2. Nikamgeuzia kioo aone vizuri, nikamwambia sita nukta mbili baba Zai, hii ni yako.