Wanaigiza, wanajifanya au wamevaa uhusika?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Nyegezi, Mwanza. Binamu yangu na wenzake wameanza mchezo waliouona mtandaoni, wanauita larpu. Jumapili wanapanda miambani, mmoja mtemi, mwingine mganga, wengine walinzi wenye mapanga ya sponji ya godoro, na mpaka jioni hawaitiki kwa majina yao. Shangazi anasema "wanajifanya watemi", wakanuna. Nikasema "wanaigiza", wakanikatalia pia. Tuseme nini?

JIBU: Marahaba. Wana haki ya kununa. Jifanya ina shutuma ndani yake: anayejifanya mgonjwa anakwepa kazi, anayejifanya askari anataka hela yako. Sharti awepo wa kudanganywa, na hapo miambani hayupo.

Igiza haina ubaya, ila ukitaja mchezo wa kuigiza msikilizaji anatafuta jukwaa na watazamaji. Larpu haina vyote viwili, na maneno hayakuandikwa popote. Mtemi akiulizwa swali anajibu la kichwani mwake. Ilikuwa hivyohivyo kwa Dagorhir, kikundi cha wachezaji wa Marekani walioanza karibu na Washington mwaka 1977, na kwa Waingereza wa kikundi cha Treasure Trap waliocheza ndani ya kasri la Peckforton kuanzia 1982. Silaha zilikuwa za sponji, na aliyekuwepo alikuwa mchezaji. Linganisha na Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma pale Bujora: makundi ya Bagika na Bagalu yanashindana kuvuta umati, na kundi ambalo umati umelihama limeshindwa. Huko mtazamaji ndiye mwamuzi.

Walimu watanikumbusha igizo dhima. Maana inakaribia, lakini neno hilo linanuka chaki: wanafunzi wawili mbele ya darasa, muuzaji na mteja, dakika tano, makofi, kaa chini.

Mimi nachagua vaa uhusika. Mashabiki wa filamu zetu wanalo tayari. Mwigizaji akiwaliza wanasema "huyu dada kavaa uhusika". Basi huu ni mchezo wa kuvaa uhusika, na anayeucheza ni mchezaji. Sema "amevaa uhusika wa mtemi", si "amevaa mtemi", maana huyo atakuwa kabebeshwa mtu mgongoni. Uzuri wa kitenzi hiki ni kwamba kinyume chake kipo tayari. Simu ya mama ikiita katikati ya vita, binamu yako anasema, "Ngojeni nivue uhusika, nipokee", na kila mtu ameelewa.

Larpu nayo ibaki kwa wanaoipenda, katika ngeli ya i-/zi-: larpu hii imenoga, larpu hizi zimenoga. Kuifanya kitenzi inawezekana pia, maana vitenzi vya mkopo vinavyoishia na -u tunavyo tele: tunajibu, tunasahau hata wanaotudharau. "Jana tulilarpu" haivunji kanuni yoyote. Kumtamkia shangazi ndiyo kazi nyingine.