Umemkamata mwizi wa korosho? Soma hii kabla hujamfunga kamba

Msimu wa korosho ukifunguka huku Newala, kusini mwa Tanzania, kuanzia Oktoba hivi, ugomvi wa wizi shambani hufuatana. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na wanaonijia kipindi hicho si walioibiwa tu. Wanakuja pia wenye mashamba wanaodaiwa fidia na watu waliowakamata. Uchungu wao naujua: umepalilia, umepuliza salfa, halafu gunia lako linaishia usiku kwa mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo.

Kulinda mali yako ni haki. Ukimkuta mtu shambani mwako unaweza kumwamuru atoke, na akigoma unaweza kumtoa kwa nguvu ya kiasi. Akikuinulia panga, jilinde kwa nguvu inayolingana na hatari yenyewe. Raia anaweza pia kumkamata anayemwona akiiba, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa.

Ila hatari ikiisha, na kinga yako imeisha. Hapa ndipo watu wanaponasa. Mwizi ameshatupa gunia, amekaa chini, ametulia. Kipigo chochote utakachompa baada ya hapo utakijibu wewe mwenyewe. Kumfungia stoo mpaka asubuhi ili awataje wenzake ni kumnyima uhuru wake, hata kama hukumgusa. Kusema ulipandwa na hasira hakufuti dai. Na yeye kuwa mwizi hakumzuii kukudai: kesi yake ya wizi itakwenda njia yake, na ya kwako njia yake. Ana miaka 3 ya kufungua madai ya namna hiyo.

Mzee mmoja aliniletea barua ya wakili wa kijana ambaye mzee huyo alimfungia stoo usiku kucha. Nikamuuliza, "Mjomba, kituo cha polisi kiko mbali?"

"Kwa bodaboda nusu saa."

"Na mwenyekiti wa kijiji?"

"Tumepakana ua."

Hakuwa na jibu la kwa nini hakumgongea mwenyekiti. Nilimshauri wakae wasuluhishe, akakubali kulipa.

Kuna jambo linanitisha zaidi: wanaotega mitego ya kujeruhi watu mashambani. Tafadhali, acheni. Mwaka 1828 huko Uingereza, katika kesi ya Bird dhidi ya Holbrook, mwenye bustani ya maua alitega bunduki bila kuweka tangazo. Kijana aliyeruka ukuta kumfuata ndege wa jirani akajeruhiwa, na mahakama ikampa kijana fidia. Yale ya Uingereza yanatuhusu, kwa sababu sheria yetu ya madai ya aina hii kwa sehemu kubwa ilirithiwa kutoka huko, kama ilivyokuwa hadi 22 Julai 1920, tarehe iliyowekwa ya kupokea sheria ya Uingereza Tanganyika. Mtego hauwezi kutofautisha mwizi na mtoto anayeokota mabibo.

Kwa hiyo ukimkamata mtu, piga simu kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji palepale, hata kama ni saa nane usiku. Waite majirani wawili wawe mashahidi wa hali yake kabla hajaondoka hapo, maana wengine hupata majeraha njiani kisha lawama zikakuangukia wewe. Piga picha gunia, lipimwe kilo, andika saa uliyomkabidhi na jina la askari aliyempokea.

Na kama tayari umepokea hati ya madai ya mahakama, usiifungie kabatini. Una siku 21 za kuwasilisha utetezi wako kwa maandishi, na zinahesabiwa tangu siku uliyokabidhiwa hati. Njoo nayo ofisini ikiwa bado mbichi, pamoja na bahasha yake.