Waya wa ishara ya treni ukikatika, inakuwaje?

Mkuu umeuliza: zile ishara za zamani za reli, zenye mkono juu ya nguzo unaovutwa kwa waya, waya ukikatika treni si zitagongana? Hapana, zitasimama. Nimekulia kota za reli Tabora, baba mdogo alikuwa mtu wa taa za ishara, na swali hilo nilimsumbua nalo sana.

Mkono ukiwa mlalo ni simama. Ukiinama, au kuinuka kwa aina nyingine, ni pita. Leva, yaani mtaimbo anaouvuta mtu wa ishara, ikivutwa, waya unapita kwenye kapi mamia ya mita hadi kwenye nguzo. Waya ukikatika, uzito wa pale nguzoni unaurudisha mkono kwenye simama.

Balaa ni waya kukwama. Abbots Ripton, Uingereza, mwaka 1876, barafu ilizigandisha ishara zikabaki kwenye pita ilhali leva zimesharudishwa, treni zikagongana. Enzi hizo mkono ulikaa kwenye pita muda wote mpaka pawe na sababu ya kusimamisha. Baada ya ajali hiyo wakageuza: simama ndiyo hali ya kawaida.

Sisi shida yetu ni jua. Mchana waya unatanuka na kulegea, leva imevutwa mpaka mwisho lakini mkono unashuka nusu. Dereva akiona mkono haueleweki, anahesabu ni simama. Basi.

Usiku kazi ni ya taa. Kile kioo cha "kijani" ukikishika mchana utaona kimeelemea buluu. Moto wa utambi ni wa manjano, ukipita kwenye buluu ndipo dereva anaona kijani. Baba mdogo alikuwa hana mchezo na masizi, maana taa iliyofifia haionekani kwa mbali.

Halafu leva zenyewe zimefungamana kwa vyuma, ubunifu ambao John Saxby aliupatia hataza mwaka 1856. Pale Tabora njia ya Mwanza inaachana na ya Kigoma. Kwa mfumo huo, pointi, yaani zile reli zinazohama kuipeleka treni njia hii au ile, zisipolala sawasawa, leva ya ishara haivutiki hata uning'inie.

Ila vyuma hivyo havijui kama kuna behewa limesahauliwa njiani. Hapo ni macho ya watu: stesheni masta anahakikisha treni iliyoingia ina taa yake ya mkiani, ndipo anaitaarifu stesheni ya nyuma kwamba njia ni nyeupe.