Jibu: Kwa nini Snake hatambai kwenye PSP?
Ndugu, umeuliza kwa nini Metal Gear Solid: Peace Walker, mchezo wa video ulioununua pamoja na PSP (kifaa cha mkononi cha michezo cha Sony) iliyotumika pale Kariakoo, haumruhusu mhusika wake mkuu, Snake, kutambaa. Kwa maoni yangu chanzo ni uhaba wa vidhibiti: PSP ina kijiti kimoja tu cha kidole gumba, hivyo katika mpangilio mmojawapo wa mchezo huo wa 2010 vitufe vinne vya kulia ndivyo vinavyozungusha kamera, na baadhi ya miondoko ikapunguzwa, Snake hulala kifudifudi, lakini akishalala hasogei. Misheni nazo ni fupi, jambo ninalolipenda, maana moja huisha ukiwa bado kwenye foleni ya Mbagala. Ukitaka vijiti viwili, tafuta toleo la PlayStation 3 la 2011, ingawa hata humo kutambaa hakumo.