Swali: Nilisoma shahada ya Kiislamu magaidi wakaniachia, mwenzangu akauawa. Hii kumbukumbu inafutika?

SWALI: Salaam aleikum mshauri. Mimi ni Msomali wa Eastleigh, Mkenya wa kuzaliwa. Siku ile magaidi waliposhambulia jumba la maduka la Westgate, Nairobi, nilikuwa ndani na dada tuliyefanya kazi pamoja, Mkristo. Walipouliza nikasoma shahada, wakaniambia nenda, nikaenda. Yeye hakutoka. Mume wangu anajua tu kwamba nilikimbia. Siku hizi mall naingia bila shida ila nikiona mtu wa kwao yule dada nabadilisha njia. Kuna kocha anasema kwa vikao viwili anafuta hiyo kumbukumbu kabisa, elfu kumi na tano. Ni kweli ama nitafute tu dawa ya usingizi?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Hapana, haifutiki, na huyo kocha nitamrudia baadaye manake nikianza naye sitamaliza.

Kuna kitu umekitaja kwa kupita tu na kwangu ndio kizito kuliko vyote, eti mall unaingia bila shida. Mwenye hofu hukwepa mahali, hataki kuona ngazi wala kusikia mlango ukigongwa. Wewe mahali umeshapaweza, unachokwepa ni macho ya watu. Hiyo ni aibu, sio woga, na hapo ndipo wanapokosea wengi, ata wenzangu wenye vyeti ukutani, wanatibu kila aliyenusurika kama mtu mwenye hofu. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wenyewe ulikuja kuitaja aibu waziwazi kwenye dalili za PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha, mwaka 2013, mwaka uleule wa Westgate. Sasa mtu wa aibu ukimkalisha umwambie haya toa yote, simulia mwanzo mpaka mwisho, kisha umpe maji ya kunywa na umwambie pole, anaondoka mzito kuliko alivyokuja, manake kila akisimulia anajisomea hukumu upya.

Na sio hatia pia, wengi wanachanganya. Hatia ingekupeleka kwa mama yake yule dada ukalie naye. Inayokubadilishia njia ni aibu, hiyo haisemi ulifanya vibaya, inasema wewe ndiye mbaya.

Hebu angalia nani alikuwekea. Wale jamaa walikuwa wanachambua watu kama mchele, huyu sema shahada, huyu taja mama yake Mtume, ukijibu basi wewe wetu (na bado Waislamu walikufa mle, wamo kwenye wale 67 waliouawa). Halafu Aprili 2014 ukaja msako wa Usalama Watch, polisi wakaingia mitaa yenu Eastleigh, maelfu wakazolewa, wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani, na huko lugha ikawa wewe wao. Ungo ni uleule, mikono tu imebadilika. Mwathiriwa akageuzwa mshukiwa kabla hajamaliza kulia, na wewe ukaona bora kunyamaza, ungeanzia wapi kusimulia kwamba shahada ndiyo iliyokutoa?

Najua utaniuliza basi la Mandera, kila mtu wa hali yako ananiuliza. Desemba 21, 2015, al-Shabaab walilisimamisha basi, Waislamu walikataa kutengwa na wenzao, wakawavisha Wakristo hijabu, mwalimu Salah Farah akapigwa risasi na akafariki mwezi uliofuata. Mashujaa, sina ubishi. Ninachokataa ni watu kuifanya hadithi ile mizani ya kumpimia kila aliyenusurika. Wale walikuwa wengi pamoja, na abiria wa upande ule walishajua kinachotokea basi likisimamishwa, manake Novemba 2014 watu 28 walitengwa wakauawa hukohuko Mandera. Wewe ulikuwa na sekunde ngapi? Ulijua nini wakati ule, sio unachojua leo?

Hayo maswali mawili ndiyo kazi yenyewe ya tiba, ile ya kuchunguza fikra, huwa ni vikao kama 12. Unaiandika ile sentensi inayokutafuna, tuseme "ningemfundisha shahada angepona", mnaiweka mezani na mnaikagua kama karani anavyokagua risiti, je muda ulikuwepo, je wangemwamini, je ulijua watamfanya nini. Mimi sitakuambia sio kosa lako, aibu haisikii hukumu ya mtu mwingine, mpaka uikague mwenyewe. Na usidhani ni mambo ya matajiri wa Nairobi. Huko Kivu, Kongo, wahudumu wa kawaida wa jamii walifunzwa tiba hii wakaiendesha kwa makundi ya wanawake waliobakwa, matokeo yakachapishwa 2013, na waliopitia vile vikundi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa ushauri wa kawaida. Mume utamwambia, lakini siku utakayochagua wewe, ukishafika katikati ya vikao.

Dawa: vidonge vya kutuliza kama diazepam achana navyo, unalala leo na mwezi ujao huwezi kulala bila vyenyewe. Zipo dawa nyingine zinazosaidia baadhi ya watu, hizo ni za daktari wa akili, sio za kununua dirishani.

Sasa huyo kocha. Sijui nani aliwaambia hawa watu kwamba kumbukumbu ni faili kwenye simu unabonyeza delete. Wanapatikana kila baada ya shambulio, na wapo pia wa mimbarini wanaompandisha aliyenusurika mbele ya umati atoe ushuhuda, watu wanapiga makofi, kesho yuko peke yake na simu haipigwi, na wapo waandishi wanaokumbuka namba yako Septemba 21 tu, siku ya kumbukumbu ya Westgate. Ukitoka hapo na aibu zaidi watakuambia imani yako ndogo, yaani umelipa ili uongezewe kosa. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, inataka mtu awe amesajiliwa na bodi. Muulize namba ya usajili kabla hujatoa ata shilingi, na akianza hadithi za kipaji cha kuzaliwa nacho, kata simu.