Robo Saa Baada ya Jua Kuzama: Maswali Yenu Kuhusu Picha za Mji Usiku

SWALI: Ndugu mshauri, pokea salamu zangu. Mwezi uliopita niliazima kamera ya mjomba wangu pamoja na stendi yake ya miguu mitatu, nikapanda vilima vya Riat ili niupige picha mji wa Kisumu ukiwa umewasha taa zake zote. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mpigapicha anatakiwa angoje kiasi cha saa nzima baada ya jua kuzama, nami nikangoja. Nilichorudi nacho nyumbani ni weusi mtupu wenye madoadoa ya rangi ya chungwa: anga haionekani, ziwa halionekani, na majengo ninayoyajua vyema yamegeuka madirisha yanayoelea hewani. Je, kasoro ni ya kamera au ni yangu?
Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Kamera ya mjomba haina kosa. Maelezo uliyoyafuata ndiyo yaliyokupoteza, kwa kuwa bila shaka yaliandikwa na mtu anayeishi mbali na ikweta. Jua la London mwezi Juni huteremka kwa mshazari, likiburura miguu kama mgeni asiyetaka kuaga, na tangu linapozama hadi giza linapoanza kushika hupita zaidi ya dakika 45. Sisi tuko kilomita chache tu kusini mwa mstari wa ikweta, ule unaovuka barabara ya Busia pale Maseno, na kwetu jua hutumbukia wima. Kipindi hicho hicho hapa Kisumu huchukua dakika 21 hivi. Aliyekwambia ungoje saa nzima alikuwa sahihi huko kwao, lakini ulipofungua kilango cha kamera pale Riat, anga uliyokuwa ukiitafuta ilikuwa imeondoka zamani.

Picha hizi zinazoitwa za usiku, zile ambazo majengo yana umbo na anga ina buluu nzito, hupatikana pale mwanga wa namna mbili unapolingana. Taa za mji ni zile zile tangu zinapowashwa hadi alfajiri. Anga ndiyo inayobadilika, na katika dakika hizo hupoteza nusu ya mwanga wake kila baada ya dakika tatu hivi, kwa hiyo mara moja tu kila jioni anga inayoshuka hupishana na taa zilizosimama. Kabla ya hapo taa huonekana dhaifu kama mishumaa ya mchana, na baada ya hapo hubaki peke yake katika giza, kama ulivyoona. Kwa hesabu yangu, kipindi hicho hapa kwetu huanza mnamo dakika ya 13 baada ya jua kuzama na huwa kimekwisha kabla ya dakika ya 30. Na ile sehemu iliyo tamu hasa haizidi robo saa.

Usiikariri saa moja ukaitumia mwaka mzima. Mapema mwezi wa Novemba jua la Kisumu huzama saa kumi na mbili na dakika 28 jioni, ilhali katikati ya Februari huzama saa moja kasoro dakika moja au mbili. Tofauti ya nusu saa ni kubwa kuliko kipindi chenyewe unachokiwinda, na nimewahi kumwona mtu aliyefika mahali pazuri kwa dakika sahihi za mwezi usio sahihi.

Sasa tuje kwenye kamera. Fika nusu saa kabla ya jua kuzama, simamisha stendi, panga picha yako, kisha lenga kitu kilicho mbali wakati mwanga ungalipo, halafu uhamishie ulengaji kwenye mkono ili kamera isianze kuhangaika gizani ikitafuta pa kushika. Weka ISO 100, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga uwe mdogo, na tundu la lenzi f/8, usishawishike kulibana hadi f/22 kwa kudhani picha itakuwa kali zaidi, kwa sababu tundu dogo kupita kiasi huutawanya mwanga na kuipa picha ulegevu. Baada ya hapo unachobadilisha ni muda wa kilango kubaki wazi tu: utaanza na sekunde moja au mbili, na kufikia mwisho wa kipindi utakuwa kwenye sekunde 8 au hata 15. Piga kila baada ya dakika mbili bila kuisogeza stendi, hata kama ya kwanza imekuridhisha, maana uamuzi wa dakika ipi ilikuwa nzuri hufanywa nyumbani mbele ya kioo kikubwa. Tumia taima ya sekunde mbili, kwa kuwa kidole kinachobonyeza ndicho kinachotikisa. Zima kitulizaji cha lenzi, ambacho kikiwa juu ya stendi huweza kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuzua chenyewe, na vua kichujio cha kioo kilicho mbele ya lenzi, la sivyo kila taa kali itakuwa na pacha wake wa kijani akielea upande wa pili wa picha.

Kuhusu ile rangi ya chungwa: taa za zamani za sodiamu zina upungufu mkubwa wa buluu, na zile mpya nyeupe za LED zina buluu tele, na miji yetu sasa ina za aina zote mbili katika mtaa mmoja. Hakuna kipimo kimoja kitakachoziridhisha zote. Mimi huweka mizani ya rangi, ile inayoiambia kamera mwanga upi uhesabiwe kuwa mweupe, kwenye Kelvin 3,500 hivi, ambapo anga huzama katika buluu na taa za sodiamu hubaki na joto lake bila kuonekana kama moto wa nyika, kisha huhifadhi faili ghafi (RAW), ambalo kamera haijalichakata, ili nikikosea niweze kurekebisha baadaye.

Nikuambie pia jambo lililonigharimu jioni nzima. Niliwahi kuisimamisha stendi yangu juu ya njia ya mbao pale Dunga, nikapiga picha thelathini na kitu, na kwenye kioo kidogo cha kamera zote zilionekana safi. Nyumbani nilipozikuza, kila taa ilikuwa na mkia mfupi uliopinda, kama kiluwiluwi. Watoto walikuwa wakipita mbio nyuma yangu, na kila hatua ilisafiri ndani ya ubao hadi kwenye miguu ya stendi. Siku hizi huisimika kwenye udongo, miguu yake ikiwa haijavutwa yote, mfuko wa kamera ukining'inia katikati kama uzito; na kabla ya kuondoka nakuza picha moja hadi mwisho na kuiangalia taa moja tu.

Kwa upande wa Riat penyewe, mahali ulipachagua vizuri. Ukitazama kusini, uwanda wa Kano uko kushoto na ghuba ya Winam iko kulia, na kwa kuwa mwangaza wa mwisho hubaki magharibi, maji huendelea kung'aa baada ya uwanda kuwa mweusi. Ila Kisumu haikui kwenda juu kama Nairobi, na ukitumia lenzi pana mji utakuwa uzi mwembamba kati ya anga tupu na majani tupu. Tumia lenzi ya milimita 70 hadi 100, ulete karibu lile fungu la majengo ya katikati ya mji na ukingo wa maji. Jioni iliyo bora ni ile iliyofuata mvua ya alasiri, iliyokwisha kuosha vumbi na moshi. Kama mvua haijanyesha kwa majuma mawili, hutaona mbali. Na usiende peke yako. Patana mapema na mtu wa bodaboda unayemfahamu, akungoje hadi umalize.

SWALI: Mshauri, shikamoo. Mimi ni dada ninayefanya kazi katika jengo moja la Kenyatta Avenue, Nakuru, na mlinzi wetu huniruhusu kupanda paani baada ya kazi. Sina kamera, nina simu tu. Taa za barabarani hutokea kama mayai ya kukaanga, na mabango yanayowaka hutokea yamekatwa kwa mistari myeusi ya kulala. Je, ninunue simu nyingine? Na je, ni afadhali nipande Menengai?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Marahaba, dada. Usinunue chochote kabla ya kuifuta lenzi ya simu kwa kitambaa laini cha pamba. Nasema hivi bila mzaha: alama moja ya kidole chenye mafuta ya mandazi hutosha kuigeuza taa kuwa yai. Kisha gusa skrini mahali palipo na taa kali zaidi na uteremshe mwanga kwa kidole hadi uone umbo la taa yenyewe. Simu ikiachiwa uamuzi hutaka usiku ufanane na mchana, na hapo ndipo taa zinapoungua. Ile hali ya usiku iliyomo katika simu nyingi hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha, hivyo inahitaji utulivu wa sekunde chache. Iegemeze simu kwenye ukuta mfupi wa paa, uikandamize, na utumie taima.

Mistari myeusi haitokani na ubovu wa simu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazoutumia hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, haraka kiasi kwamba jicho halioni. Simu huisoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na kila mstari ukipokea mwanga kwa muda mfupi mno, baadhi ya mistari huangukia pale taa iliposhuka. Ikiwa simu yako inakuruhusu kuchagua muda huo mwenyewe, weka moja ya hamsini ya sekunde, au mrefu zaidi, na mistari itatoweka katika taa nyingi. Mabango ya LED yana mapigo yake yenyewe, na kwa hayo moja ya ishirini na tano hufaa zaidi.

Menengai ningekushauri uiache. Kilele chake kina mita 2,278 kutoka usawa wa bahari, na mji ukiwa mbali chini yake simu itakupa vumbi la nuru tu, hasa ukijaribu kuvuta karibu kwa vidole, jambo ambalo kwa kweli ni kuikata picha na kuipanua. Paa lako lina kitu bora. Geuka kusini: taa za mitaa husonga mbele, halafu hukatika ghafla, kwa sababu huko kuna hifadhi ya Ziwa Nakuru ambayo haina taa. Miji mingi hufifia pembezoni polepole, wenu una ukingo uliochorwa kwa giza. Jaribu kuuweka ukingo huo katika theluthi ya juu ya picha. Na kumbuka kwamba jua lenu huzama kama dakika tano kabla ya letu la Kisumu.

SWALI: Hapa Mbita, kando ya Ziwa Victoria, hatuna maghorofa, lakini usiku wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, wanapowasha taa zao majini, mtu aliyesimama ufuoni huona kama kwamba kuna mji mkubwa ng'ambo ya maji. Nimejaribu kuupiga picha mji huo kwa sekunde 20, kama wanavyopiga miji ya kweli, na taa zote zimekuwa kamba zilizosokotana. Stendi yangu haikutikisika hata kidogo.
Msomaji, Mbita

JIBU: Swali hili limenifurahisha kuliko yote. Majengo husimama, mashua haisimami: katika sekunde 20 imepanda na kushuka na mawimbi mara kadhaa na kuzunguka kidogo, na taa yake imeandika safari hiyo yote. Kwa mji wa aina hii itakubidi uikiuke kanuni niliyompa msomaji wa Kondele. Fungua tundu la lenzi hadi f/2.8 au kadiri lenzi yako inavyoruhusu, pandisha ISO hadi 1600, na upunguze muda hadi sekunde moja au nusu. Picha itakuwa na chengachenga kidogo, nayo ni bei ndogo. Taa za karibu bado zitavutika kuliko za mbali, na mimi huipenda tofauti hiyo, kwa kuwa humwonyesha mtazamaji ipi iko karibu.

Chagua usiku usio na mwezi. Omena hufuata mwanga, na mbalamwezi ikitanda juu ya ziwa zima taa ya mvuvi hupoteza nguvu, ndiyo maana usiku wa mwezi mpevu utakuta ufuo wenye mashua nyingi na maji yenye taa chache. Karabai za zamani zilikuwa na mwanga wa manjano. Taa za sola zilizochukua nafasi yake ni nyeupe zenye ubaridi, na kwenye safu moja ukipata karabai moja iliyobaki, izungushie picha yako. Aidha, miezi ya Aprili hadi Julai kwa kawaida uvuvi wa omena hufungwa, kwa hiyo usiuahidi ugeni wako onyesho hilo mwezi Mei.

Ukitaka kivuli cha taa majini, uliza kwanza kama upepo umeelekeza magugu maji upande wenu, maana zulia hilo halirudishi mwanga wowote. Zaidi ya hayo, chagua mahali pa wazi karibu na gati, penye watu, usijifiche kwenye matete ili kupata picha ya peke yako. Viboko hutoka majini kula majani saa hizo hizo tunazozitaka sisi, na mtu aliyeinamia kioo cha kamera hana habari ya kinachokuja. Ukisikia matete yakivunjika nyuma yako na hakuna upepo, iache stendi hapo hapo ilipo.